Visu Arobaini na Sumaku Moja

Sumaku ilinunuliwa shilingi hamsini kwa mchuuzi wa vishikio vya funguo. Gharama iliyobaki ilikuwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto: cha shahada, cha kati na cha pete. Havikuwa vyangu. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na jumla haibadiliki.

Ninyi mnaoingia kazini leo mnachagua kisu kwa kutazama picha kwenye simu, halafu mnasoma sifa zilizoandikwa na yule yule anayekiuza. Sisi tulifunzwa kwa mkono. Nitawaeleza tulivyofunzwa, bila malipo, jambo ambalo kwangu ni nadra. Ila mwishoni nina ombi, kwa hiyo msiondoke mapema.

Siku ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Kwale na buibui jipya na cheti cha shule ambacho hakuna aliyetaka kukiona. Duka lilikuwa Mji wa Kale, duka la vyuma: misumari, bawaba, komeo, mapanga, visu. Mwenye duka tulimwita Tajiri, kama ilivyokuwa desturi kumwita anayekuajiri, hata kama kanzu yake ina kiraka. Akanimwagia sakafuni gunia la bawaba, akaniambia nihesabu. Nikampa jibu: mia mbili na kumi na mbili. Akaniambia nihesabu tena. Zikawa mia mbili na kumi na moja.

"Ya kwanza umehesabu ili umalize," akasema. "Ya pili umehesabu ili ujue. Andika ya pili."

Jioni ile nikanunua daftari langu mwenyewe, mbali na lile la dukani. La kazini nililijaza kwa ajili ya kazi, langu kwa ajili yangu. Nimekuwa na madaftari ya namna hiyo tangu siku ile, na laiti nisingekuwa nayo leo ningelala vizuri zaidi.

Visu vilikuja baada ya mwaka. Wateja wetu walikuwa mabaharia, wachinjaji, watu wa kambi za porini, na kila aina ya mwanamume aliyeamini kwamba kisu kitampa sura. Wengine wakinikuta mimi kwenye kaunta huuliza mwenyewe yuko wapi, ati mwanamke atajuaje kisu. Niliwaambia mimi ninakiuza tu, kukitumia ni shauri lao. Akisema mteja, "Punguza, dada," humuuliza nipunguze wapi, kwenye bei au kwenye makali.

Alichonifunza Tajiri ni hiki. Kwa kazi ya nje, achana na kisu cha kukunja. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ndipo kitakapokuvunjikia. Chukua kisu ambacho bapa lake limekaa pale pale, halijifichi ndani ya mpini. Na ukishakichukua, usianze kutazama makali.

"Makali nitakutilia mimi kwa dakika tano," alikuwa akisema. "Anza na msuka."

Msuka ni ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Katika kisu cha kudanganyia watu, msuka ni mfupi kama msumari na gundi ndiyo inayofanya kazi. Katika kisu cha kweli, msuka unakwenda mpaka mwisho wa mpini, mpana vile vile, na unauona pembeni umebanwa na mbao mbili kama nyama katikati ya mkate. Baada ya msuka, mgongo. Kisu kinene kama patasi humvutia mteja dukani, lakini porini hakikati hata kitunguu, kinakipasua tu. Milimita tatu au nne zatosha. Urefu wa bapa uwe kama upana wa kiganja chako, na zaidi ya hapo unanunua uzito wa kubeba. Mpini uwe wa mbao ngumu au raba, maana pembe ni nzuri lakini ikilowa huteleza. Mwisho ala, yaani nyumba ya kisu. Ala mbovu humkata mwenye kisu kabla kisu hakijakata kitu kingine.

Mambo ya chuma chenyewe nilifunzwa na Fundi Athumani, mhunzi aliyekuwa na karakana nyuma ya duka letu. Alikuwa mtu mfupi, masikio yake mazito kwa sababu ya nyundo, kwa hiyo kila alichosema alikisema kwa sauti ya kumgombeza mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nikimpelekea visu vilivyovunjika, naye ananieleza vilivunjika kwa nini.

Chuma cha springi za lori, alisema, ndicho kisichomsaliti mtu. Hupinda kikarudi, na kinanoleka kwa jiwe lolote utakaloliokota. Aibu yake ni kutu. Kiache siku mbili bila mafuta katika hewa yetu ya chumvi, utakikuta kimeota madoa. Kisu kilichotokana na tupa kuukuu hushika makali kuliko vyote, lakini ukikiangusha sakafuni chaweza kukatika vipande viwili kama biskuti. Halafu kuna stenlesi, na hapa sikizeni vizuri, kwa sababu stenlesi ni mbili.

Ya kwanza ni stenlesi ya visu. Hiyo hukubali kunyweshwa, yaani kutiwa moto mpaka iwe nyekundu kisha ipoozwe ghafla ili ikaze. Haishiki kutu upesi, makali yake hukaa, na tabu yake ni kuinoa tu. Ya pili ni stenlesi ya sufuria na vijiko. Hiyo inang'aa, haina habari na chumvi, na waweza kuinywesha bahari nzima ikabaki laini vile vile.

Watu wa pwani hukosea hapo. Sisi tunaoishi na chumvi tunaogopa kutu kuliko tunavyoogopa wakwe, na kila mama anayenunua vyombo anajua kwamba sufuria isiyonasa sumaku ndiyo stenlesi halisi. Kwa sufuria ni kweli. Kwa kisu ni kinyume chake: stenlesi inayokubali kuwa ngumu hunasa sumaku. Kisu cha stenlesi ambacho sumaku inakikataa ni sufuria yenye ncha.

Nilikaa kwa Tajiri miaka kumi na minne, mpaka alipofunga duka. Nikapata kazi kwenye bohari ya kampuni iliyokuwa ikipeleka wageni porini na baharini. Bohari ilikuwa Ganjoni, upande wa Mbaraki. Mkubwa wangu wa kwanza pale, Mkuu wa Bohari, alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyependa mahema yapangwe kwa mstari kama askari wa gwaride. Nilimpenda kwa sababu naye alihesabu mara mbili. Ndiye aliyenipandisha nikawa mpimaji wa vifaa: hakuna kamba, jiko wala kisu kilichotoka nje bila mimi kukijaribu na kutia saini fomu. Visu vya waongozaji wa wageni tuliviagiza kwa Fundi Athumani, vya springi, na kila mwongozaji alipewa kichupa cha mafuta.

Mkuu wa Bohari alipostaafu, ununuzi ukapewa mtu mwingine, tukamwita Meneja wa Ununuzi. Alikuwa mtu wa adabu sana. Angeweza kukudhulumu huku akikuuliza hali ya watoto. Malalamiko ya kwanza kumfikia yalikuwa kwamba mgeni mmoja amepiga picha ya kisu cha mwongozaji chenye kutu. Kosa la mafuta, wala si la kisu. Lakini Meneja akaamua: sasa ni stenlesi.

Mawakala wawili wakaleta sampuli. Meneja akatoa funguo zake mfukoni, zenye ile sumaku ya shilingi hamsini. Akaigusisha kisu cha wakala wa kwanza, ikanasa. Uso wake ukakunjamana kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. Akaigusisha cha wakala wa pili, ikaanguka.

"Umeona, Bi Mejumaa? Hiki cha kwanza kina chuma ndani."

"Meneja, kisu ni chuma."

Akacheka kwa upole. "Namaanisha chuma cha kutu. Tuandikie visu arobaini vya huyu wa pili."

Nilimweleza habari ya stenlesi mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akaniambia nijaze fomu. Nikaomba siku moja ya kujaribu, nikazichukua sampuli mpaka kwa Fundi Athumani.

Fundi akapitisha tupa kwenye makali. Kisu kigumu, tupa huteleza juu yake na kulia kama juu ya kioo. Hiki tupa ilikiuma, ikaacha unga mezani. Akakibana kwenye jiriwa, akakivuta kidogo pembeni. Kikapinda, kikabaki hivyo hivyo. Akatoa sampuli nyingine, maana nilipewa mbili, akakinoa vizuri, akakikatia vijiti kumi vya mkwaju. Halafu akaninginiza jiwe zito kwa kamba ya nailoni, ile ya kuvutia magari. Kwa kisu chake cha springi, kilichokata vijiti kumi vile vile, kamba ilikatika mara moja. Kwa kile cha kampuni alivuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Makali yalikuwa yamelala upande kama nyasi zilizokanyagwa. Kamba ilichubuka tu.

"Hiki si kisu, mwanangu," akanipigia kelele. "Hiki ni kijiko kilichopelekwa shule."

Nikaandika yote kwenye daftari langu, kisha kwenye fomu ya kampuni: *Vimekataliwa.* Meneja akaisoma fomu akiwa amesimama.

"Bi Mejumaa, vimeshalipiwa," akasema. "Unataka niwaambie wakubwa kwamba fundi wa kichochoroni ameshinda kiwanda?" Akaigeuza fomu mkononi. "Binti yako bado yuko chuoni pale Buxton? Na mkataba wako unakwisha mwezi gani vile?"

Akaichana fomu mara nne, kwa utaratibu, kama anayewagawia wageni chapati. Akanipa nyingine. Nikaandika: *Vimefaulu.* Nikatia saini.

Nimebishana bei maisha yangu yote. Nimewahi kumshusha muuza kitanda mpaka akaniomba nimwachie nauli. Siku ile bei ilitajwa mara moja, nami nikaipokea bila kuomba hata punguzo.

Visu vikagawiwa. Miongoni mwa waliokuja dirishani alikuwa Charo, mwongozaji wa kutoka Rabai, kijana wa miaka ishirini na sita aliyenivutia kwa sababu alikuwa akirudisha vifaa vikiwa safi kuliko alivyovichukua. Akakigeuza kisu mkononi, akajaribu makali kwa ukucha.

"Shangazi, hiki kinapata?"

Ningeweza kusema hapana. Nikamwambia, "Kinoe kila jioni." Niliona nimemsaidia.

Miezi minne baadaye gari la kampuni likanasa kwenye kijito huko bara. Wakafunga kamba kwenye kisiki walivute. Gari likarudi nyuma ghafla, na mkono wa kushoto wa Charo ukabanwa kati ya kamba na kisiki. Dereva, aliyekuja kunirudishia vifaa, alinihadithia huku akitazama viatu vyake. Alisema Charo hakupiga kelele. Alichomoa kisu kwa mkono wa kulia akaanza kukata kamba. Asubuhi ile ile alikuwa amekikatia kuni za wageni. Dereva alihesabu, sijui kwa nini, labda hofu humfanya mtu ahesabu: mara nne. Kamba haikukatika. Dereva alipofanikiwa kulisogeza gari mbele, vidole vilikuwa vimekwisha.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari nikatazama ile mistari ya Fundi. Mara ya tano, kamba imechubuka.

Meneja akaandika ripoti. Akaambatisha fomu yangu: kisu kilipimwa na kufaulu, kwa hiyo mhusika hakukitunza. Charo akaachishwa kazi kwa uzembe, bila fidia. Baada ya muda visu vikakusanywa kimyakimya. Nilihesabu mara mbili: thelathini na tisa. Cha arobaini kilibaki kijitoni. Mimi nilikuwa na kile cha majaribio kilichopinda, ndani ya mkoba wangu.

Charo akaja nyumbani kwangu, huko huko Ganjoni, mkono ukiwa bado na bendeji. Nilipofungua mlango na kumwona, nilijua amekuja kunishtaki, nikashukuru. Akaamkia shikamoo, akakaa, akatazama chini.

"Nimekuja unifundishe kunoa, shangazi."

"Kunoa?"

"Uliniambia kila jioni. Nami nilikinoa kila jioni, ila moja. Jumamosi ile nilikuwa na homa, nikalala. Jumapili ndiyo ikawa." Akaupakata mkono wa bendeji. "Jioni moja tu. Lakini ndiyo waliyoitaka kampuni ili wanifukuze."

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Daftari lilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka nilipokaa. Nikamwambia, "Kaa, unywe chai."

Nilimfunza miezi sita, barazani kwangu. Nilimfunza pembe ya kunolea, jiwe la kukwaruza na jiwe la kulainisha, namna ya kusoma cheche za kinoo cha umeme, jinsi makali butu yanavyong'aa mstari mweupe ukiyaelekeza kwenye mwanga na makali mazuri yasivyoonekana kabisa. Nilimfunza msuka, mgongo, springi, tupa kuukuu. Nikampeleka kwa Fundi Athumani akajifunze kunywesha. Somo la sumaku nililiruka. Na Fundi, ambaye hakuwahi kunong'ona maisha yake, alininong'oneza siku ile ile, "Humwambii?" Nikamjibu, bado.

Leo Charo ana mashine yake ya kunolea karibu na Buxton, na akina mama wa mahoteli wanampangia foleni. Mteja akichelewa kuleta kisu mpaka kikawa butu kabisa, humwonyesha mkono wake wa kushoto. "Hii ni jioni moja," humwambia. Mteja huguna, na wiki ijayo huleta visu vitatu. Biashara nzuri, wallahi, na mtaji wake ni saini yangu.

Nilistaafu kwa keki na saa ya ukutani. Meneja wa Ununuzi alisimama akasema Bi Mejumaa hakuwahi kukosea hesabu hata siku moja. Watu wakapiga makofi. Saa ile huenda mbele dakika saba kila wiki, na sijaisahihisha. Binti yangu alimaliza chuo, akapata kazi, akaolewa. Sababu zangu zote mbili za kutia saini zimekwisha kitambo, saini iko pale pale. Fundi Athumani naye ametangulia. Mpaka mwisho, kila nilipopita karakanani, aliniuliza neno moja tu, "Bado?" nami nikamjibu neno hilo hilo. Msitafute fundisho la kazi hapo. Mkiulizwa kama kisu kinapata, jibuni mlichoulizwa. Basi.

Sasa ombi. Jumapili iliyopita Charo alikuja baada ya kanisa, kama kawaida yake, na mkate na maziwa. Safari hii alikuwa na kitu kimefungwa kwa gazeti. Kisu. Chake mwenyewe, cha kwanza kukifua tangu mwanzo mpaka mwisho: springi ya lori, msuka mzima, mpini wa mbao, ala ya ngozi aliyoishona kwa vidole saba. Nimevishika visu vingi. Sikupata cha kupunguza.

"Kijaribu, shangazi. Tupa na kamba, kama unavyofanya. Halafu ukiandike kwenye lile daftari lako."

Nikamuuliza daftari lipi.

"Lile la kale, la bohari, ulilokuwa ukiandikia pale dirishani. Kiandike karibu na vile vya kampuni, nami nisome nione kama nimevishinda." Akacheka. "Nitakuja Jumapili."

Katika daftari lile umebaki ukurasa mmoja mtupu, nao unatazamana na ukurasa wa visu arobaini. Siwezi kuandika huu bila kuufungua ule, na Charo anasoma haraka. Jana nilishuka dukani nikanunua daftari jipya. Sasa yako mezani yote mawili, la kale na jipya, na kile kisu kilichopinda kiko kati yake. Kisu cha Charo nimekijaribu kwa vijiti kumi, kisha kamba. Mara moja. Nimerudia, mara moja.

Hiyo nimeiandika kwenye kipande cha gazeti, kwa sababu sijui pa kuiandika. Wala siombi mniambie kwamba nilikuwa na mtoto chuoni, hilo nalijua na nimelihesabu. Nauliza jambo moja, na mwenye jibu anijibu kabla ya Jumapili: akibisha hodi, akaamkia, akakaa pale alipokaa siku ile na bendeji yake, nimfungulie daftari lipi?